Luteni Aliyewauliza Wapiganaji wa Waterloo

Mwaka 1834, karibu miaka 20 baada ya Napoléon kushindwa, maofisa wa Uingereza waliopigana Waterloo walianza kupokea barua kutoka Dublin. Wengi wao walikuwa wamekwisha kuacha vikosi na kuishi kwa nusu mshahara. Barua iliambatana na ramani ya uwanja wa vita, na mwandishi wake aliomba mambo machache. Ofisa aoneshe kwenye ramani mahali kikosi chake kilipokuwa yapata saa 1 jioni, tarehe 18 Juni 1815. Aeleze kilikuwa kimejipanga vipi, na adui wa mbele yake alijipanga vipi. Kisha akumbuke, kama anaweza, shamba walilokuwa wamesimama lilikuwa limepandwa nini.

Aliyeuliza alikuwa Luteni William Siborne. Alitaka kujua habari za mazao kwa sababu alikuwa akiujenga upya uwanja mzima wa Waterloo kwa udogo, na hakutaka kupaka rangi ya kijani tu juu ya plasta. Alitaka ngano iwe mahali pa ngano. Alitaka pia rai ionekane, nafaka ambayo mwezi Juni huweza kufika kimo cha mtu na kukificha kikosi kizima kikiwa kimesimama. Ofisa aliyepita katika shamba la namna hiyo akiwa na upanga mkononi hakulisahau.

Siborne mwenyewe hakuwapo siku ile. Alizaliwa mwaka 1797, mtoto wa ofisa wa Kikosi cha 9 cha askari wa miguu, akasoma katika chuo cha kijeshi cha kifalme. Mwaka 1815 alipopelekwa ng'ambo kujiunga na jeshi la Duke wa Wellington, kamanda wa Waingereza Waterloo, mizinga ilikuwa imekwisha kunyamaza. Kipaji chake kilikuwa katika upimaji wa ardhi. Mwaka 1822, na tena 1827, alichapisha vitabu vya kufundisha namna ya kuchora ramani, akieneza mfumo wa Mjerumani Lehmann wa kuonesha miteremko kwa mistari: mteremko ukiwa mkali, mistari inakuwa minene zaidi. Mtu aliyefunzwa hivyo huitazama nchi akijiuliza mzinga utapita wapi na askari aliyelala nyuma ya tuta anaonekana kutoka upande gani. Tangu 1826 alikuwa katibu msaidizi wa kijeshi katika makao makuu ya jeshi, Dublin. Ilikuwa kazi ya makaratasi, na angeweza kuishia humo bila jina lake kujulikana.

Agizo la kuunda modeli hiyo lilimfikia mwaka 1830 kutoka kwa Lord Hill, Amiri Jeshi Mkuu. Hill naye alikuwa mpiganaji wa Waterloo, mmoja wa majenerali wakuu wa Wellington siku ile. Kwa hiyo tangu mwanzo kazi hii ilitoka kwa watu waliokuwapo, waliokuwa wakizeeka, na waliotaka iwepo kumbukumbu ya walichokifanya kabla hawajaondoka. Siborne aliomba ruhusa, akavuka bahari, akaenda kuishi miezi minane katika shamba la La Haye Sainte.

Inafaa tukae kidogo mahali hapa, maana si rahisi kupata makazi mengine yaliyo karibu zaidi na moyo wa vita vile kuliko haya. La Haye Sainte ni nyumba na mabanda yaliyozungukwa na ukuta, kando ya barabara kuu ya kwenda Brussels, chini kidogo ya tuta ambako jeshi la Wellington lilijipanga. Meja Georg Baring aliingia humo na Wajerumani kama 400 waliokuwa wakipigana chini ya bendera ya Uingereza. Walizuia mashambulizi tangu mchana. Jioni risasi ziliwaishia, walizoomba hazikuletwa, na Wafaransa wakaingia. Baring alipotoka alikuwa amebaki na watu 42. Katika nyumba hiyo Siborne alilala na kuamka kwa muda wa misimu mitatu, akitoka kila siku na vifaa vyake kupima kila tuta, kila korongo na kila ua.

Alikuta ardhi imekwisha kuguswa. Mfalme wa Uholanzi, aliyetawala pia eneo la Waterloo wakati huo, alikuwa ameamuru kijengwe kilima cha kuadhimisha mahali mwanawe, Mwanamfalme wa Orange, alipojeruhiwa. Kilikamilika mwaka 1826, zaidi ya mita 40 kwenda juu, na simba wa chuma kileleni. Udongo wake, mamia ya maelfu ya mita za ujazo, ulichimbwa kutoka kwenye tuta lenyewe, jirani na La Haye Sainte. Ukumbusho wa vita ulikuwa umekula sehemu ya uwanja wa vita. Siborne ilimbidi apime kilichobaki na kukisia kilichoondolewa, akitumia ramani za zamani na maneno ya wenyeji. Kisha, mnamo Agosti mwaka huohuo wa 1830, mapinduzi yakalipuka Brussels, safari ya nusu siku tu kwa farasi, na nchi aliyokuwa akiipima ikawa Ubelgiji huru.

Aliporudi Dublin alianza kuunda. Modeli ilikuwa na upana wa karibu mita 6 na urefu wa mita 6.5, ikigawanyika vipandevipande ili iweze kusafirishwa. Ardhi aliijenga kwa skeli ya futi 9 kwa kila maili, yaani takriban 1:600. Lakini kwa skeli hiyo askari angekuwa na kimo cha milimita 3 hivi, na hapo hakuna jicho linaloweza kutofautisha Mskoti na Mfaransa. Ndiyo maana sanamu zake, zilizosubiwa kwa mchanganyiko wa risasi na bati, zilifika kama milimita 10. Zilikuwa zaidi ya 70,000, kila moja ikisimama badala ya askari wawili hivi. Kulikuwa na askari wa miguu katika safu na miraba yao, askari wa farasi, mizinga na wahudumu wake.

Waundaji wa modeli wa siku hizi wanaijua vizuri sana hali hii ya mahitaji kuamua skeli. Mwaka 1961 kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilitoa kifaru cha Panther cha plastiki chenye mota ndani yake. Ukubwa wake ulitokana na nafasi iliyohitajika kuingiza betri, na hesabu ilipofanywa ikaonekana ni karibu 1:35. Skeli hiyo ndiyo iliyoenea mno duniani kwa magari ya kijeshi, na wengi wanaitumia kuunda kifaru au lori ambalo babu au jirani yao aliliendesha vitani. Mtu wa namna hiyo anakwenda kwa mzee na maswali ya Siborne kabisa: namba ilikuwa upande gani, turubai lilifungwa wapi, matope yalikuwa ya rangi gani.

Majibu yalimjia Siborne kwa mamia. Hakuna aliyewahi kuwauliza wapiganaji wa vita vikubwa namna hii, mmoja mmoja, kwa ramani na kwa maswali yaleyale. Wengine walijibu kwa mistari miwili. Wengine walijaza kurasa, wakarudi kuandika tena walipokumbuka zaidi. Kati ya waliojibu alikuwamo Cavalié Mercer, aliyeongoza kikosi cha mizinga 6 inayovutwa na farasi. Mercer anasimulia kwamba kila mzinga ulipopigwa ulirudi nyuma, na watu wake walikuwa wamechoka kiasi cha kutoweza tena kuusukuma mbele ulipokuwa. Mwisho wa siku mizinga ilikuwa imerundikana, mikia yake ikiwa imepandana, na mizoga ya farasi imezagaa kila upande. Katika ramani ya kawaida ya vita, kikosi cha Mercer ni kistatili kidogo nadhifu. Katika kumbukumbu yake ni rundo la magurudumu.

Shida ilikuja pale kumbukumbu zilipogongana. Saa 1 jioni, saa ambayo Siborne aliichagua, Napoléon alikuwa ametupa karata yake ya mwisho: askari wa Gadi ya Kifalme, waliopanda tuta kwenda kuvunja safu ya Wellington. Walirudishwa. Nani aliwarudisha? Kikosi cha 1 cha Walinzi wa Mfalme wa Uingereza kilikwisha kupewa jina jipya la heshima mwaka uleule wa 1815, kwa sababu ya tendo hilo. Lakini watu wa Kikosi cha 52, waliogeuka chini ya Kanali Colborne na kuwapiga Wafaransa ubavuni, waliona kwamba ushindi ule ulikuwa wao na umeandikwa jina la wengine. Mmoja wao, William Leeke, alikuwa kijana wa miaka 17 aliyebeba bendera ya kikosi siku ile. Mwaka 1866, akiwa mzee, bado alikuwa akichapisha kitabu kudai haki ya kikosi chake. Siborne alilazimika kuamua mahali pa kusimika kila sanamu, na kila alipoisimika moja, kulikuwa na mtu fulani aliyeona amenyang'anywa.

Kuna jambo linaloniuma katika barua hizi. Karibu zote ni za maofisa. Baada ya Waterloo Uingereza ilifanya kitu kipya: ilitoa medali ileile kwa kila aliyekuwapo, kuanzia jenerali hadi askari wa mwisho mwenye bunduki. Lakini Siborne, aliyekuwa mwangalifu kiasi cha kuuliza habari za ngano, hakuwatumia barua watu wa safu. Baadhi yao walikuwa hai, na baadhi walijua kusoma na kuandika. Wako walioacha simulizi zao wenyewe. Zile sanamu elfu kwa elfu za milimita 10 ni zao, lakini maneno yanayoziweka mahali pake ni ya wakubwa wao. Najua hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya jeshi la wakati ule. Hata hivyo nadhani modeli ingekuwa na mengi zaidi kama angemuuliza sajini mmoja katika kila kikosi.

Fedha zilimwandama tangu mapema. Mwaka 1833 serikali mpya ilikataa kuendelea kugharimia kazi, baada ya kuwa imetoa mamia machache tu ya pauni. Siborne hakuacha. Alitumia mali yake, akakopa, akaomba michango kwa maofisa wenzake. Sir Hussey Vivian, aliyeongoza brigedi ya farasi Waterloo na ambaye sasa alikuwa mkuu wa majeshi Irelandi, alimsaidia na kumwandikia kwa kirefu. Baadaye wako walionung'unika kwamba farasi wa Vivian wamepewa nafasi kubwa. Gharama zote zilifika karibu pauni 3,000, mzigo usiobebeka kwa ofisa wa cheo chake.

Kisha kulikuwa na Duke wa Wellington. Tangu mwaka 1815 Duke alikuwa akiwakatisha tamaa waliotaka kuandika historia ya vita vyake. Aliwahi kulinganisha historia ya vita na historia ya dansi, ambayo kila mtu anakumbuka kipande chake na hakuna anayejua kipi kilitangulia. Mtu aliyewasiliana na Siborne kwa niaba ya wakubwa wa London alikuwa FitzRoy Somerset, aliyepoteza mkono wa kulia Waterloo na kujifunza upya kuandika kwa mkono wa kushoto. Ugomvi wao na Siborne ulihusu Waprusi, washirika wa Wellington vitani.

Siborne aliwauliza na wao pia. Makao makuu ya jeshi lao Berlin yalimpa maelezo ya wapi vikosi vya jenerali wao Blücher vilikuwa jioni ile, naye akawaweka huko: kwa maelfu, ubavuni mwa Wafaransa, wakipigania kijiji cha Plancenoit. Mtu yeyote anayeitazama modeli kutoka juu angeona mara moja kwamba saa Gadi ya Kifalme inapanda tuta, Napoléon alikuwa tayari ameshikwa kutoka upande mwingine, na akiba yake imetumika kuwazuia Waprusi. Somerset alimweleza kwamba watazamaji watadanganyika, na kwamba Waprusi wamesogezwa mbele mno.

Wellington alikuwa na hoja nyingine, na hii naiheshimu zaidi. Alisema modeli inaweza kuonesha dakika moja tu ya vita, lakini hii inajaribu kuonesha vita vizima. Kila kikosi kimewekwa mahali kilipojichagulia chenyewe, katika saa yake bora. Ni kweli. Wazee huchagua. Ofisa aliyeulizwa alikuwa wapi saa 1 jioni anajibu alikuwa wapi alipofanya jambo kubwa, na kama jambo hilo lilitokea saa 11, kumbukumbu inalisogeza taratibu bila yeye kujua. Lakini hoja hiyo haikuwahusu Waprusi tu. Ingewahusu vilevile Waingereza wote waliokuwa mezani, na hao hakuna aliyeagiza waondolewe.

Siborne alishikilia msimamo wake kwa muda, kisha akakubali. Sehemu kubwa ya sanamu za Waprusi ziliondolewa. Wanahistoria bado wanabishana kama alisukumwa na watu ambao alihitaji msaada wao wa fedha na cheo, au alishawishika kwamba alikosea saa. Ninavyoona mimi, mtu aliyekaa miezi minane La Haye Sainte na kusoma mamia ya barua hakubadili maelfu ya sanamu kwa sababu ya ushahidi mpya uliotokea ghafla. Alikuwa na madeni, na aliomba serikali iinunue modeli yake. Serikali haikuinunua.

Ilioneshwa kwa umma mwaka 1838, katika Egyptian Hall, mtaa wa Piccadilly, London, kwa kiingilio cha shilingi 1. Watu kama 100,000 walikuja kuitazama. Kwa hesabu ya haraka hizo ni pauni 5,000, zaidi ya gharama ya kuijenga. Lakini kodi ya ukumbi, matangazo na watu wa katikati vilikula mapato, na mwenye kazi akabaki na deni lake. Miongoni mwa waliozunguka meza ile walikuwamo bila shaka watu waliojitafuta wenyewe. Katikati ya moshi wa 1815 hakuna aliyeona zaidi ya hatua chache mbele yake. Sasa mtu aliweza kusimama juu ya vita vyote na kuona jirani yake alikuwa nani.

Hakukoma. Aliunda modeli ya pili, kwa skeli kubwa zaidi, ikionesha mapema mchana ule wakati wapanda farasi wazito wa Lord Uxbridge walipowashukia askari wa miguu wa jenerali Mfaransa d'Erlon. Uxbridge, aliyepoteza mguu mmoja siku hiyo, alikuwa baadaye mwakilishi wa mfalme Irelandi, wakati Siborne alipokuwa akifanya kazi Dublin. Safari hii skeli ya watu na ya ardhi zilikaribiana zaidi, na sanamu zilifanyiwa kazi kwa makini. Ilioneshwa mwaka 1844, mwaka aliotoa pia historia yake ya vita vya 1815 katika juzuu mbili. Kitabu kilisomwa sana na kubishaniwa sana. Modeli haikumtajirisha. Alipewa kazi katika Royal Military Asylum, Chelsea, shule ya watoto wa askari, wengi wao yatima, na huko ndiko alikomaliza siku zake. Alifariki Januari 1849 akiwa na miaka 51, kabla ya Wellington.

Modeli kubwa ilinunuliwa miaka miwili baadaye kwa michango ya vikosi, ikawekwa katika makumbusho ya kijeshi London. Leo iko National Army Museum, Chelsea, mwendo mfupi kwa miguu kutoka shule aliyofanyia kazi. Ile ya pili iko Royal Armouries, Leeds. Barua ziko British Library. Mwanawe, Meja Jenerali Herbert Taylor Siborne, alichapisha sehemu ya barua hizo mwaka 1891, na ni kitabu hicho, zaidi ya modeli zenyewe, kilichofanya jina la baba yake litajwe katika kila historia ya Waterloo tangu hapo. Lakini mwana alichagua, na nyingine alizikata. Mwaka 2004 mwanahistoria Gareth Glover alitoa kitabu kingine cha barua ambazo Herbert hakuzichapisha.

Uwanja wenyewe nao bado unaulizwa maswali. Kuanzia 2015 shirika liitwalo Waterloo Uncovered, lililoanzishwa na maofisa wawili wa Walinzi wa Coldstream, limekuwa likiwapeleka askari wastaafu, wengi wao waliojeruhiwa mwili au roho Iraki na Afghanistan, kuchimba uwanja huo pamoja na wanaakiolojia. Walianza Hougoumont, nyumba ambayo Coldstream waliilinda mwaka 1815, na baadaye wakahamia Mont-Saint-Jean, shamba lililokuwa hospitali ya Wellington. Mwaka 2019 walifukua hapo mifupa ya miguu iliyokatwa kwa msumeno. Mwaka 2022 walipata mifupa kamili ya mtu karibu na ya farasi. Wanaoifukua wanaambiwa kila kipande kiandikwe mahali hasa kilipolala kabla hakijanyanyuliwa.